Sauti Zilizokosa Majina: Amri ya fsck na Utendi wa Bibi Mmoja wa Pate

Miongoni mwa amri ambazo mtumiaji wa tarakilishi huziandika kwa kicharazio, pasi na kugusa kipanya, ni chache zinazotia hofu kama ile iitwayo fsck. Jina lenyewe halitamkiki. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ukaguzi wa mfumo wa faili. Amri hii haina picha wala madirisha ya rangi. Hutoa mistari ya maandishi kwenye skrini nyeusi, na inapokuta kasoro huuliza swali fupi mno: Rekebisha? Futa? Unganisha? Mtumiaji hujibu kwa herufi moja tu, y ya kukubali au n ya kukataa, na mara nyingi akishakubali hakuna kurudi nyuma. Wengi wetu katika taaluma ya Kiswahili tumezoea kuwaachia mafundi mambo haya. Hata hivyo, maadamu utafiti wa fasihi simulizi siku hizi huhifadhiwa katika diski na si katika daftari, ni vyema mwanafunzi wa fasihi aelewe kinachoulizwa, kwa kuwa swali lile fupi huenda likahusu sauti ya mtu asiyeweza kurekodiwa tena.

Kwanza, mfumo wa faili ni nini? Mfano ulio karibu ni maktaba ya zamani yenye makabati ya kadi. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vilivyo sawa, viitwavyo bloku. Katika mifumo mingi ya Linux kila bloku ina baiti 4096. Faili moja huweza kukaa katika bloku moja au katika maelfu ya bloku zilizotawanyika. Kinachoziunganisha ni kadi iitwayo ainodi. Kadi hiyo hutaja ukubwa wa faili, mwenyewe, tarehe zake na mahali bloku zake zilipo. La kustaajabisha ni kwamba ainodi haina jina la faili. Ina nambari tu. Jina limeandikwa kwingine kabisa, katika saraka, ambayo kimsingi ni orodha inayosema kwamba jina fulani ni la nambari fulani. Kwa hivyo jina si sehemu ya faili. Faili moja huweza kuwa na majina mawili au matatu katika saraka tofauti, kama vile mshairi mmoja mwenye lakabu kadhaa, na ainodi huweka hesabu ya majina hayo. Hesabu ikifika sifuri, na ikiwa hakuna programu inayoitumia faili hiyo, mfumo huhesabu kwamba haitakiwi tena na nafasi yake huachiwa wengine. Juu ya haya yote ipo superbloku, inayoeleza mfumo mzima una ukubwa gani na umepangwaje. Superbloku ikiharibika, diski nzima huonekana kama jengo lisilo na mlango, ingawa vitabu vyote vimo ndani.

Sasa, kuandika faili moja ni kazi ya hatua kadhaa: kutwaa bloku, kujaza ainodi, kuongeza jina katika saraka, kubadilisha hesabu ya nafasi iliyosalia. Stima ikipotea katikati, hatua mbili huwa zimefanyika na mbili hazijafanyika. Katika siku za mwanzo za Unix, mfumo uliozaliwa mwaka wa 1969 katika maabara za Bell kule Marekani, marekebisho yalifanywa kwa amri ndogondogo kama icheck na dcheck, na aliyezitumia alihitaji kuujua mfumo kama anavyojua kiganja chake. Baadaye T. J. Kowalski alitunga fsck ili kazi hiyo ifanywe kwa mpango mmoja, na maelezo yake aliyoyaandika pamoja na Marshall Kirk McKusick yangali yanasomwa. Katika Linux, toleo linalotumika kwa mifumo ya ext2, ext3 na ext4 huitwa e2fsck, nalo limehusishwa kwa miaka mingi na Theodore Ts'o. Tangu ext3 iingizwe katika Linux mwaka wa 2001, mifumo hii ina shajara: kabla ya kubadilisha chochote, mfumo huandika kwanza katika shajara kile unachonuia kufanya, hivi kwamba stima ikipotea, husoma shajara na kukamilisha kazi kwa sekunde chache. Ndiyo maana vijana wengi hawajawahi kuiona fsck ikiuliza maswali. Lakini shajara hukinga dhidi ya kukatizwa tu. Haikingi diski iliyoanguka.

Na hapa ndipo kisa cha mwanafunzi mmoja wa uzamili kinapoingia. Mwanafunzi huyo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya upili kabla ya kurudi chuoni, alikwenda kisiwani Pate mwaka wa 2012 kukusanya data za tasnifu yake. Huko alimpata bibi mmoja mkongwe aliyekuwa na utendi mrefu kichwani, utendi alioupokea kwa nyanya yake na ambao haukuwa umeandikwa na yeyote. Bibi alikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba asikatizwe. Pamoja na utendi huo, mwanafunzi alirekodi nyimbo za vugo za wanawake, mahojiano na mafumbo. Jumla ilikuwa saa 11 za sauti, ambazo kwa ubora aliouchagua zilitwaa takribani gigabaiti saba. Aliporudi chuoni alizihamishia katika diski ya nje yenye mfumo wa ext4, akazifuta katika kinasasauti ili apate nafasi ya safari ya pili. Kabla ya safari hiyo kufanyika, habari ililetwa kwamba bibi amefariki.

Wiki chache baadaye, usiku wa mvua, stima ilipotea bwenini. Katika giza lile mtu alijikwaa kwenye waya, na diski ikaanguka sakafuni ikiwa ingali inazunguka. Taa ziliporudi tarakilishi haikuitambua. Ilitoa ujumbe kwamba aina ya mfumo si sahihi au superbloku ni mbovu.

Aliipeleka kwa fundi wa maabara ya kompyuta, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Mwanafunzi alikuwa amekwisha kusikia habari za fsck kwa wenzake na alikwenda na ombi moja: aiendeshe amri hiyo mara moja, tena kwa kiungo cha -y, ambacho huijibu kila swali kwa kukubali.

"Mwalimu, tusiharakishe," fundi alimwambia. "Hii amri haisomi tu. Inaandika. Tukiiandikia diski iliyoumia, tunaweza kuimaliza."

Jibu hilo lina msingi imara, na ndilo jambo ambalo maelezo mengi ya fsck huligusia kwa haraka mno. Kanuni ya kwanza ni kwamba mfumo wa faili usirekebishwe ukiwa umepachikwa, yaani ukiwa unatumika. Ni lazima uondolewe kwanza kwa amri ya umount. Vinginevyo mfumo endeshi na mkaguzi watakuwa wanaandika katika kitabu kimoja kwa kalamu mbili, kila mmoja akiamini kwamba mwenziwe hayupo. e2fsck yenyewe hutoa onyo kali juu ya jambo hilo kabla ya kuendelea. Kanuni ya pili ni kwamba diski yenye ubovu wa kimwili hainakiliwi kwa njia ya kawaida wala haikaguliwi moja kwa moja. Hunakiliwa kwanza yote kama ilivyo, baiti kwa baiti, na ukaguzi ukafanywa juu ya nakala. Fundi alitumia ddrescue, programu ambayo husoma kwanza sehemu zilizo nzima, ikaziruka zile zinazokataa kusomeka, kisha ikazirudia kwa subira. Kazi hiyo ilianza saa kumi jioni na haikuisha hadi alfajiri. Ilipokwisha, sehemu zote zilikuwa zimesomwa isipokuwa vipande vichache, kimojawapo cha kilobaiti 64. Mahali pa vipande hivyo nakala ilikuwa na sifuri tupu.

Hatua iliyofuata ilikuwa e2fsck -n, ambapo n ni agizo la kukataa kila kitu: tazama, usiguse. Amri ilijibu kwamba haikuiona ile nambari ya utambulisho, EF53, ambayo kila superbloku ya jamii ya ext hubeba. Kwa bahati, waundaji wa mifumo hii walijua kwamba mlango mmoja hautoshi, wakaweka nakala za superbloku mahali kadhaa katika diski. Ili kujua zilipo, fundi aliandika mke2fs -n. Mwanafunzi hakujua wakati ule kwamba mke2fs ni amri ya kuunda mfumo mpya, yaani ya kuweka orodha tupu badala ya ile ya zamani. Kiungo -n huifanya iseme tu ambacho ingefanya, bila kukifanya. Kati ya kuziokoa saa 11 za sauti na kuziangamiza palikuwa na kistari na herufi moja. Wapo wanaodai kwamba lugha ya tarakilishi haina uzito wa lugha ya wanadamu; wangefaa kuketi karibu na fundi huyo alipokuwa akikisoma alichokiandika mara mbili kabla ya kubonyeza.

Nakala ya kwanza ilikuwa katika bloku ya 32768. Amri ikaelekezwa hapo, mlango ukafunguka, na maswali yakaanza.

e2fsck hufanya kazi yake kwa mizunguko mitano. Wa kwanza hupitia kila ainodi na kuuliza kama bloku inazozidai ni zake kweli. Wa pili husoma saraka na kuhakikisha kwamba kila jina lina ainodi hai. Wa tatu huhakikisha kwamba kila saraka inafikika kutoka kwenye shina. Wa nne huhesabu majina na kulinganisha na hesabu iliyo katika kila ainodi. Wa tano hulinganisha muhtasari wa nafasi tupu na nafasi zilizotwaliwa na yale yaliyopatikana. Mzunguko wa tano hauna mengi. Ni wa kwanza na wa nne ndio uliomkalisha mwanafunzi huyu kitini hadi adhuhuri, kwani alishikilia kwamba kila swali lisomwe na kujibiwa mkononi.

Katika mzunguko wa kwanza iligunduliwa kwamba faili mbili zilidai bloku zilezile, kama bloku 400 hivi. Bloku haiwezi kuwa ya faili mbili. Katika hali hiyo e2fsck huwa tayari kutoa nakala ya bloku zinazogombaniwa ili kila faili ipate zake. Ni suluhisho la busara, lakini msomaji atambue linavyofanya kazi: amri haijui bloku zile zilikuwa za nani. Inaandika yaleyale katika faili zote mbili, na bila shaka mojawapo itakuwa imebeba kisichokuwa chake. Mwanafunzi wa ushairi hawezi kushangazwa na hali hii. Ubeti uleule kudaiwa na washairi wawili, au beti za utungo mmoja kujipenyeza katika mwingine kwa sababu mnakili alikuwa na hati mbili mezani, ni mambo ya kila siku kwa wanaolinganisha miswada.

Katika mzunguko wa nne yalijitokeza makubwa zaidi. Bloku iliyokuwa na saraka ya rekodi za Pate ilikuwa miongoni mwa zile zilizoharibika. Ainodi zilikuwa nzima, sauti zilikuwa nzima, ila orodha ya majina ilikuwa imetoweka. Kwa kila faili ya aina hiyo amri iliuliza: ainodi nambari fulani haijaunganishwa na chochote, iunganishwe na lost+found? Hiyo ni saraka ambayo mfumo huitenga tangu kuundwa kwake kwa ajili ya mayatima. Faili huingizwa humo na kupewa alama ya reli na nambari ya ainodi yake iwe ndiyo jina. Mwanafunzi alijibu y mara 31.

Yamkini hakuna kisa cha historia ya ushairi wetu kinachofanana na saraka hiyo kama kile cha mashairi ya Muyaka bin Haji. Muyaka aliishi Mombasa kati ya mwaka wa 1776 na 1840, na mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua aliyakusanya akishirikiana na W. E. Taylor, na William Hichens akayachapisha mwaka wa 1940. Shairi lililotungwa kumjibu mtu fulani kuhusu vita fulani, likisha kutengana na tukio lake, hubaki na mizani na vina vyake vyote, lakini saraka yake imepotea. Mkusanyaji anayelipa kichwa na kulieleza liliandikwa kwa sababu gani anafanya kazi ambayo amri ya fsck haikuthubutu kuifanya. Amri huishia kwenye nambari. Sijui la heri ni lipi ni jibu la wavivu. Katika hali nyingi nambari ni uaminifu zaidi, ilhali katika nyingine, kama kwa Muyaka, bila ya ujasiri wa mkusanyaji tungesalia na rundo la tungo zisizosemeka.

Amri ilipokamilika, fundi aliitazama ile nambari ambayo e2fsck huiacha inapoondoka. Ilikuwa 1, maana yake kasoro zilipatikana na zimerekebishwa. Kama zingalikuwapo zilizosalia bila kurekebishwa ingekuwa 4. Akaiendesha tena, kama inavyopasa, ikaacha 0. Sifuri ni kusema kwamba hakuna kosa.

Hapa pana jambo ambalo halina budi kusemwa wazi. fsck haitafuti ukweli. Inatafuta upatanifu. Inataka kila bloku iwe na mwenyewe mmoja, kila jina liwe na ainodi, kila hesabu iafikiane na nyingine. Ikiwa njia rahisi ya kupata upatanifu huo ni kuifuta ainodi iliyovurugika, itapendekeza ifutwe, na mfumo utakaosalia utakuwa safi kabisa. Kutokana na hayo diski huweza kupata sifuri huku imepoteza nusu ya kilichokuwamo. Kukosa kutofautisha mambo haya mawili ndiko kunakowafanya wengi waitumie -y kana kwamba ni dua.

Mwanafunzi alitumia wiki tatu kuzisikiliza faili 31 moja baada ya nyingine. Amri nyingine fupi, iitwayo file, ilikuwa imemwonyesha kwamba zote ni za sauti, lakini ni masikio yake tu yaliyoweza kusema hii ni sauti ya nani. Mahojiano yalitambulika upesi. Nyimbo za vugo zilihitaji daftari lake la nyanjani. Utendi wa bibi ulikuwa katika faili sita, na mpangilio wake aliupata kwa kufuata masimulizi yenyewe na, mahali pawili, kwa kufuata sauti ya jogoo na mwadhini nje ya nyumba. Katika faili ya nne, bibi akiwa katikati ya ubeti, ilizuka ghafla sauti ya wanawake wakiimba vugo kwa vifijo, ikadumu sekunde tisa, kisha bibi akarejea akiwa mbele kwa beti kadhaa. Hizo ndizo zile bloku 400. Beti zilizokuwa chini yake hazipo tena popote. Katika faili ya tano palikuwa na kimya. Kimya hicho kilikuwa chini ya nusu sekunde, kilobaiti 64 za sifuri, na katika mwendo wa usomaji wa bibi kilimeza silabi mbili.

Sekunde tisa hazikuwa na mjadala, zilipotea. Silabi mbili ndizo zilizoleta ubishi. Kipande cha utendi kina mizani minane, na sita zilisikika vizuri. Pengo lilikuwa katikati, kwa hivyo kina hakikusaidia, lakini maana na mizani viliacha nafasi kwa maneno machache tu. Mhadhiri aliyemsimamia alipendekeza ajaze neno lililo dhahiri na kuendelea. Wahariri wa tenzi, alisema, wamefanya hivyo tangu zamani, na msomaji hataki kujikwaa. Mwanafunzi aliitikia kwa heshima, "Nimesikia, Daktari," lakini hakulijaza. Alihoji kwamba akilijaza bila alama, utendi utakuwa umepata sifuri ileile ya fsck. Msimamizi alimjibu, na hili pia lina haki yake, kwamba utendi wenye pengo huimbwa na nani?

Alirudi Pate akiwa na rekodi hiyo katika diski mbili zilizofungwa katika mikoba tofauti. Alimchezea binti wa marehemu faili ya tano. Mama huyo alisikiliza hadi kwenye kimya, akaomba irudiwe, kisha akatamka neno la silabi mbili bila kusita. Jirani aliyekuwa ameketi naye akatikisa kichwa na kutaja jingine, nalo likatoshea vilevile. Walibishana kwa muda. Mwanafunzi akauliza marehemu alikuwa akisema lipi. Binti akafikiri, akasema mamake alikuwa akiyasema yote mawili, itategemea nani yupo barazani.

Katika tasnifu, ubeti huo umechapishwa ukiwa na nukta mahali pa silabi mbili, na maneno yote mawili yamewekwa pambizoni, kila moja na jina la aliyelitoa. Faili yenyewe imepewa jina jipya, ila nambari ya ainodi iliyotoka nayo lost+found imeachwa mwishoni mwa jina hilo.